Kufuli la Hadharani: Habari za Kampuni Iliyouza Sahihi ya Kompyuta

Ndugu msomaji, bila shaka unaikumbuka siku ulipoacha kuchovya dole gumba katika wino. Kabla ya siku hiyo karani alikushika kidole, akakigandamiza kwenye karatasi, nawe ukaondoka bila kujua karatasi ile imesema nini. Halafu ukajifunza kuandika. Siku ulipoandika jina lako mwenyewe, hata kama herufi zilikwenda upogo, karatasi ile ikawa ni neno lako. Ukisema umekubali kulipa magunia 4 ya mahindi, sahihi iko pale. Ukikana, utaonyeshwa.

Lakini sahihi ya wino ina ugonjwa wake. Mtu hodari anaweza kuiiga. Tena barua ikishatiwa sahihi, mjanja anaweza kuongeza sifuri moja tu baada ya ile 4, ikawa 40. Sahihi yako ipo palepale, haikuguswa, sasa inamshuhudia yeye.

Siku hizi barua nyingi, malipo ya benki, hata mikataba, hupita ndani ya kompyuta na simu. Huko hakuna wino wala dole gumba. Kila kitu huko ni namba, na namba hunakiliwa bila kuacha alama yoyote. Ukipiga picha sahihi yako ukaitia humo, mtu yeyote anaweza kuichukua akaibandika kwenye barua nyingine. Basi, watu wanatiaje sahihi huko?

Leo tutaeleza habari za kampuni moja ya Marekani iitwayo RSA. Ni miongoni mwa kampuni za kwanza kabisa kuuza programu za kuficha maandishi na kutia sahihi ndani ya kompyuta. Habari zake zina mambo mazuri. Zina na mambo mengine ambayo wenyewe hawapendi sana kuyasimulia.

SHIDA YA UFUNGUO

Tangu zamani watu wanaficha maneno yao. Wafalme na majenerali walibadilisha herufi, A ikawa D, B ikawa E, na kadhalika, ili adui akiikamata barua asielewe kitu. Lakini anayetuma na anayepokea lazima wote wawili wawe na ufunguo mmoja, yaani wajue jinsi herufi zilivyobadilishwa. Sasa ufunguo huo utaufikishaje kwa mwenzako?

Tuseme mjomba wako yuko mjini, wewe uko kijijini. Unataka kumpelekea sanduku lililofungwa kwa kufuli. Ukilipakia sanduku kwenye basi, na ufunguo ukaupakia kwenye basi hilohilo, utingo akitaka kufungua atafungua. Ukisema ufunguo utaupeleka mwenyewe kwa mkono, basi si ungebeba na sanduku lako, yakaisha?

Watu waliishi na shida hiyo miaka mingi sana. Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko California, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walitoa maandishi yaliyoigeuza. Walisema hivi: kwa nini ufunguo uwe mmoja? Uwe na sehemu mbili, moja ya hadharani na moja ya siri. Ni kama vile mjomba wako anapokupelekea kufuli lililo wazi, bila ufunguo. Wewe unalibana tu kwenye sanduku. Kulibana hakuhitaji ufunguo, hata mtoto anaweza. Kulifungua ndiyo kazi, na ufunguo wa kufungulia haujapata kutoka mfukoni mwa mjomba.

Wakaongeza jambo la pili. Tukiligeuza jambo hili nyuma mbele, tunapata sahihi. Yaani kiwepo kitu ambacho mjomba peke yake anaweza kukifunga, lakini watu wote wanaweza kukifungua. Kikifunguka kwa ufunguo wake wa hadharani, basi tunajua ni yeye aliyekifunga, siyo mwingine.

Wazo lilikuwa zuri. Lakini kufuli lenyewe, lenye kuweza kazi zote mbili, hawakuwa nalo.

USIKU WA PASAKA

Upande wa pili wa Marekani, katika chuo cha MIT kilichoko Cambridge, Massachusetts, vijana watatu waliyasoma maandishi yale. Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman. Rivest na Shamir walikuwa wakibuni makufuli, Adleman kazi yake kuyavunja. Wakileta hili, analivunja. Wakileta jingine, analivunja. Ikawa hivyo kwa miezi.

Aprili 1977 walikuwa kwenye sherehe ya Pasaka ya Kiyahudi, wakanywa divai. Rivest akarudi nyumbani usiku, hakupata usingizi. Akajilaza kwenye kochi na kitabu cha hesabu. Kabla hakujapambazuka alikuwa ameshaliona kufuli, akaliandika. Mara hii Adleman hakuweza kulivunja.

Hapo pana jambo moja ambalo mimi hulipenda. Rivest aliweka majina yote matatu kwenye maandishi. Adleman akakataa, akasema yeye hakufanya kazi ya kutosha, jina lake litolewe. Walipombembeleza akakubali, ila jina lake liwe la mwisho. Ndiyo maana kufuli lile linaitwa RSA: Rivest, Shamir, Adleman. Laiti wangefuata alfabeti, kama ilivyo desturi ya watu wa hesabu, tungekuwa na jina jingine.

HESABU YENYEWE

Sasa chukua penseli, tulifanye kufuli hilo hapahapa. Usiogope, ni kuzidisha na kugawanya tu.

Tafuta namba tasa mbili. Namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Sisi tuchukue 3 na 11. Zidisha, unapata 33. Kisha punguza 1 katika kila moja ya zile namba tasa, unapata 2 na 10. Zidisha hizo, unapata 20. Halafu tafuta namba mbili ambazo ukizizidisha na kugawanya kwa 20, baki ni 1. Tuchukue 3 na 7, maana 3 mara 7 ni 21.

Basi kufuli liko tayari. Namba 33 na 3 zitangaze kwa watu wote, zibandike hata mlangoni pa duka. Namba 7 ifiche, usimwambie mtu. Na zile 3 na 11 ulizoanza nazo zifiche pia. (Tatu imejitokeza mara mbili kwa sababu tunatumia namba ndogo, isikuchanganye.)

Sasa unataka kumwandikia mwenye duka kwamba unadaiwa magunia 4. Chukua 4, uizidishe kwa yenyewe mpaka ziwe nne saba: 4 × 4 × 4 × 4 × 4 × 4 × 4. Jibu ni 16,384. Gawanya kwa 33. Inaingia mara 496, baki 16. Hiyo 16 ndiyo sahihi yako. Unaandika: "Nadaiwa magunia 4. Sahihi: 16."

Mwenye duka akitaka kuhakikisha, anatazama zile namba za mlangoni, 3 na 33. Anafanya 16 × 16 × 16, anapata 4,096. Anagawanya kwa 33, inaingia mara 124, baki 4. Nne! Sawasawa na ulivyoandika.

Kisha tuseme ameingiwa na tamaa, akafuta 4 akaandika 9. Mkifika mbele ya wazee wa baraza, wazee watafanya hesabu ileile na watapata 4, siyo 9. Uongo umejulikana. Sahihi inayolingana na 9 hawezi kuitengeneza, maana hana ile 7. Tena ukimgeukia na kusema "mimi sikuandika magunia 4," wewe nawe utashindwa, kwa kuwa 7 iko kwako peke yako. Angalia tofauti na wino: sahihi hii imefungamana na yale maneno yaliyoandikwa. Maneno yakibadilika, sahihi hailingani tena.

Na kuficha siri je? Ni kinyume chake. Mwenye duka anataka kukupelekea namba 4 kwa siri. Anafanya 4 × 4 × 4, yaani 64, anagawanya kwa 33, baki 31. Anapeleka 31. Mpita njia akiiona 31 haimwambii kitu. Wewe unaizidisha 31 mpaka ziwe saba, unapata namba inayozidi bilioni 27, lakini ukiigawanya kwa 33 baki yake ni 4.

Utasema, ndugu msomaji, "Mbona kufuli hili bovu? Mtu akiiona 33 atajua mara moja ni 3 mara 11, kisha ataipata 7." Ni kweli kabisa. Ndiyo maana kompyuta hazitumii 33. Kufuli la kawaida siku hizi lina namba yenye tarakimu 617. Ukiiandika kwa mkono itajaza karatasi. Kuzidisha namba tasa mbili ndefu ni kazi ya kufumba na kufumbua kwa kompyuta. Lakini kuichukua ile iliyozidishwa na kutafuta ilitoka kwa zipi, hapo kompyuta zote huchoka. Ni sawa na kusaga mahindi. Kusaga ni rahisi. Mwambie mtu akurudishie unga uwe punje.

Jarida la Scientific American lilieleza habari hizi Agosti 1977. Likatoa namba ya tarakimu 129 na zawadi ya dola 100 kwa atakayeivunja na kusoma maneno yaliyofichwa nayo. Kwa makisio ya wakati ule, ingechukua miaka 40 yenye sifuri 15 nyuma yake. Kumbe ilichukua miaka 17! Mwaka 1994 watu wapatao 600 wa nchi mbalimbali waliunganisha kompyuta zao, wakaivunja kwa muda wa miezi minane hivi. Maneno yaliyofichwa yalikuwa ya mzaha tu, kuhusu tai mla mifupa mwenye kichefuchefu. Hesabu haikuwa imeharibika, ila namba ilikuwa fupi mno.

DUKA LISILO NA WATEJA

Mwaka 1982 wale watatu walianzisha kampuni, wakaiita RSA Data Security. Tarehe 20 Septemba 1983 serikali ya Marekani ikatoa hati ya uvumbuzi, namba 4,405,829, kwa chuo cha MIT, na kampuni ikapewa haki ya kuitumia. Maana yake, ndani ya Marekani mtu mwingine asingeweza kuuza kufuli hilo bila kulipa. Nchi nyingine hati hiyo haikuwa na nguvu, kwa sababu siri ilikuwa imeshachapishwa gazetini kabla ya maombi kupelekwa. Maprofesa nao hujisahau.

Lakini nani angenunua? Kompyuta za wakati ule zilikuwa polepole, na nyingi zilikaa peke yake mezani bila kuunganishwa na nyingine. Ni kama kuuza makufuli mahali ambapo nyumba hazina milango. Kampuni ikakaribia kufilisika.

Mwaka 1986 alikuja Jim Bidzos, mzaliwa wa Ugiriki, ambaye si mtu wa hesabu bali wa biashara. Yeye ndiye aliyezunguka kuuza. Kampuni ya Lotus ilinunua, na programu yake ya Notes, iliyotoka mwaka 1989, ikawa ya kwanza kutumiwa na watu wengi ikiwa na kufuli la hadharani ndani yake. Baadaye wakaja Microsoft, Apple na Netscape. Intaneti ilipoenea, watu wakaanza kununua vitu kwa kompyuta, na milango ikaanza kuhitaji makufuli.

Likazuka swali jingine. Mtu amebandika 33 na 3 mlangoni akasema ni zako. Nitajuaje kuwa ni zako kweli, siyo za tapeli anayejifanya wewe? Kijijini jambo hili tunalijua. Ukienda benki au polisi unaambiwa lete barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji. Basi mwaka 1995 RSA ikatoa tawi lake likawa kampuni mbali, Verisign, na kazi yake ilikuwa kutoa vyeti vya namna hiyo: "Sisi tumehakikisha kwamba namba hizi ni za fulani." Cheti chenyewe nacho hutiwa sahihi kwa hesabu ileile. Ukifungua ukurasa wa benki katika simu na ukaona kialama cha kufuli, simu yako imeshakagua cheti kama hicho kabla hujaandika neno.

Sheria nazo zikafuata. Marekani ilitunga sheria ya kukubali sahihi za kielektroniki mwaka 2000. Tanzania ilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015.

SERIKALI NA MAKUFULI

Jambo la ajabu ni kwamba kufuli hili lilikuwa limevumbuliwa kabla. Mwaka 1973 kijana mmoja Mwingereza, Clifford Cocks, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya siri ya serikali iitwayo GCHQ, aliipata hesabu hiyohiyo. Kwa kuwa ni mambo ya siri, hakuruhusiwa kumwambia mtu. Dunia ilikuja kuambiwa Desemba 1997. Miaka 24 alikaa kimya akiwatazama wenzake wakisifiwa.

Serikali ya Marekani nayo haikufurahi kuona makufuli mazuri mikononi mwa kila mtu. Sheria ya huko iliyahesabu kama silaha. Kuyauza nje kulihitaji kibali, na yaliyoruhusiwa kwa urahisi yalikuwa yale dhaifu. Mwaka 1993 serikali ikaja na mpango wa Clipper, yaani kifaa cha kuficha maneno ambacho serikali yenyewe ingebaki na ufunguo wa akiba. Kampuni ya RSA ilikuwa mstari wa mbele kupinga. Ilitoa hadi mabango yenye picha ya meli inayozama. Mpango ule ukafa, na masharti ya kuuza nje yakalegezwa sana mwaka 2000.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Kompyuta ikitaka kutengeneza ufunguo, lazima ibahatishe namba. Mtu akiweza kujua kompyuta itabahatisha nini, anao ufunguo wako. Programu ya RSA ya wateja wake, iitwayo BSAFE, kuanzia mwaka 2004 ilitumia njia fulani ya kubahatisha iliyotoka kwa Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA. Mwaka 2007 wataalamu wawili walionyesha mbele ya wenzao kwamba njia hiyo inaweza kuwa na mlango wa nyuma. RSA haikuiondoa. Septemba 2013, baada ya siri za NSA kufichuliwa na Edward Snowden, ndipo ikawaambia wateja waache kuitumia. Desemba ya mwaka huo shirika la habari la Reuters liliandika kwamba RSA ilikuwa imelipwa dola milioni 10 na NSA ili njia hiyo ndiyo iwekwe kwanza. Kampuni ilikana kwamba ilidhoofisha bidhaa zake kwa kujua.

Mimi siwezi kuingia katika mioyo ya watu. Lakini fundi makufuli akiambiwa kuwa kufuli lake lina walakini, naye akaliacha dukani miaka sita, wateja wana haki ya kuuliza.

Pana na aibu nyingine, ya Machi 2011. RSA ilikuwa ikiuza pia vijidude vidogo vinavyoonyesha namba ya kuingilia katika kompyuta za kazini. Wadukuzi walipeleka barua pepe kwa wafanyakazi wachache wa RSA, kichwa chake kikisema ni mpango wa kuajiri watu wa 2011. Kompyuta iliitilia mashaka ikaitupa kwenye kapu la takataka. Mfanyakazi mmoja akaiokota humo, akaifungua. Wezi wakaingia, wakachukua siri za vijidude vile, na kampuni ikalazimika kujitolea kuwabadilishia wateja wake. Hesabu ya namba tasa haikuvunjwa. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani.

KAMPUNI IKO WAPI SASA

Hati ya uvumbuzi ilikwisha Septemba 2000. Wiki mbili kabla, kampuni ilitangaza kwamba hesabu hiyo ni mali ya watu wote. Kampuni yenyewe imepita mikononi mwa wengi: Security Dynamics iliinunua mwaka 1996, EMC mwaka 2006, Dell ikaimiliki kwa kuinunua EMC mwaka 2016, na mwaka 2020 ikauzwa kwa wawekezaji wakiongozwa na Symphony Technology Group kwa dola bilioni 2 na kitu. Ile programu ya BSAFE haikwenda; ilibaki kwa Dell. Wale maprofesa watatu walipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2002, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika elimu ya kompyuta.

Na kufuli lenyewe? Mwaka 2020 wataalamu walivunja namba ya tarakimu 250. Ile ya 617 bado. Lakini tangu 1994 inajulikana kwamba kompyuta za aina nyingine, ziitwazo za kwanta, zikija kuwa kubwa vya kutosha, zitarudisha unga kuwa punje bila taabu. Kwa hiyo Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa hesabu mpya za kutia sahihi zisizotegemea namba tasa, na inapendekeza kwamba kufikia 2035 zile za RSA ziwe zimewekwa kando.

Ukitaka kujaribu mwenyewe kabla ya hapo, tia sahihi magunia 5 kwa kufuli letu lilelile la 7 na 33. Ukipata 14, umefanya sawasawa.